Mbeyu na Ukuta wa Udongo

Paukwa!

Pakawa!

Nimesema paukwa! Nyinyi wa huko nyuma mmelala, au mmeshiba sana?

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakiitana kwa majina na nyani alikuwa bado anaona haya, palikuwa na nyika. Nyika nyekundu, nyika kavu, miiba juu, vumbi chini. Katika nyika hiyo palikuwa na mgunga. Katika mgunga palikuwa na tundu. Na ndani ya tundu alikaa Hondohondo, jina lake Mbeyu.

Mnamjua hondohondo? Yule ndege mwenye mdomo mkubwa kuliko kichwa. Akiruka hanyooshi mstari: anazama, anaibuka, anazama, anaibuka, utadhani anacheza ngoma peke yake. Huyo ndiye.

Basi hondohondo wana mila yao. Mke akikaribia kutaga, huingia katika tundu la mti akaziba mlango kwa udongo. Mume huleta tope, mke hupaka. Paka, paka, paka! Mpaka unabaki mwanya mwembamba wa kupitisha ncha ya mdomo. Nyoka hapiti. Kicheche hapiti. Mume hubaki nje, kazi yake kuleta chakula. Panzi, ko! Kumbikumbi, ko! Mke hupokea ndani. Na humo ndani manyoya ya mabawa humdondoka yote, asiweze kuruka, mpaka yaote mapya. Watoto wakishakua, mama huvunja ukuta. Huuvunja mwenyewe, kwa mdomo wake, kutoka ndani. Wa nje haruhusiwi kuugusa ili kuuvunja. Ni mwiko.

Mbeyu alifanya kama mama yake alivyofanya. Aliingia, akaziba, akataga mayai matatu. Akayalalia. Akayageuza. Akayaimbia. Mumewe, Mwero, akaleta panzi. Siku ya kuanguliwa ikafika, kimya. Ikapita, kimya. Mbeyu akalitikisa yai moja. Chubwi! Akalitikisa la pili. Chubwi! La tatu nalo, chubwi. Maji matupu. Mayai yalikuwa viza.

Mbeyu hakulia. Aliyakusanya chini ya kifua chake akaendelea kuyalalia.

Majirani wakavunja kuta zao, wakatoka na watoto wao, kelele tupu. Mbeyu hakuvunja wake. Alijiambia, "Ukuta huvunjwa mtoto akishakua. Mtoto wangu yuko wapi? Nitoke nikafanye nini?" Akabaki humo gizani.

Na Mwero je? Mwero alimpenda mkewe. Nalisema mapema msije mkamlaumu kupita kiasi. Jua la kiangazi lilipasua udongo wa ule ukuta, pa! Ufa. Mwero akauona, moyo ukamruka. "Upepo utampiga mke wangu!" Akaruka mbio hadi dimbwini, akarudi na tope mdomoni, akaziba. Paka, paka, paka. Kesho jua likapasua tena, pa! Mwero tena, paka, paka, paka. Ukuta ukawa mnene kama unyayo wa ndovu. Mwanya ukazidi kuwa mwembamba. Ndani giza likazidi kuwa giza. Huko nje Mwero mwenyewe alikonda, maana kila panzi aliyempata alimpeleka mgungani.

Watu wakaja kumliwaza mfiwa. Tetere akaja. Alitua tawini, akalia yeye, akalia, akalia, hata Mbeyu ikabidi ambembeleze kutoka ndani. "Basi Tetere, nyamaza mwenzangu, yamekwisha." Tetere akaondoka amefarijika sana! Kunguru naye akaja, shingo nyeupe, kifua mbele. Akasema, "Kazi ya Mungu haina makosa. Wewe bado kijana. Utapata wengine." Akasema tena, na tena, mpaka jua likawa utosini. Mbeyu akauweka mgongo wake kwenye mwanya, akakaa hivyo. Kunguru akaendelea kuuhutubia mgongo.

Sasa, katika nyika hiyo alikuwako Nguchiro, jina lake Bi Mbodze. Nguchiro ni mdogo, wewe unaweza kumweka kapuni, lakini Bi Mbodze ndiye aliyekuwa kiongozi wa ukoo wake. Walikaa katika kichuguu. Na kabla ya haya mambo ya mayai, yeye na Mbeyu walikuwa na mazoea yao. Kila asubuhi Mbeyu alikwenda kichuguuni akawaamsha: tok-tok-tok! Nguchiro wakatoka wakipiga miayo. Kisha wakaenda wote malishoni. Nguchiro walipekua majani, panzi wakaruka, Mbeyu akawadaka. Naye Mbeyu aliangalia mbingu. Akimwona Kipanga, alipiga ukelele, nguchiro wakaingia mashimoni. Huyu anamfaa yule, na yule anamfaa huyu. Ndivyo walivyoishi.

Siku moja Bi Mbodze alimkuta Mwero dimbwini, mdomo umejaa tope.

"Hujambo, shemeji?"

"Sijambo," Mwero akajibu. Alisema "hijambo" hasa, kwa sababu ya tope.

"Tope hilo la nini?"

"La kuzibia ufa. Ukuta wa mke wangu unapasuka."

"Na mabawa yake yakoje? Hayajaota?"

Mwero akatema tope. "Yameota zamani."

"Yameota, na hayajaonja upepo. Shemeji, mwezi huu ukifa na mwingine ukiandama, mabawa hayo yatamkauka. Hataruka tena. Na wewe nakuona, mifupa inakuchungulia. Ukianguka njiani na panzi mdomoni, mkeo atalishwa na nani?"

"Namlisha kwa sababu nampenda!"

"Najua unampenda. Unamlisha, lakini humponyi. Unamzika kidogo kidogo, tena kwa mikono miwili."

Mwero alikasirika hata manyoya yakamsimama. "Unataka nivunje ukuta wa mke wangu? Mimi? Mwiko huo!"

"Nani kakwambia uvunje? Usivunje." Bi Mbodze akamkaribia. "Usizibe tu, shemeji. Nakuomba hilo moja. Usizibe."

Akaenda zake. Mwero alibaki pale dimbwini, akilitazama lile tope kwa muda mrefu. Kisha akaruka kwenda kutafuta panzi, mdomo mtupu.

Asubuhi, jua lilipochungulia tu, Bi Mbodze akaja chini ya mgunga na ukoo wake. Wakaanza kupekua. Chaku-chaku-chaku, majani makavu. Fuku-fuku-fuku, vumbi. Na walipopekua waliimba. Mnaweza kuitikia, msiwe mabubu:

*Twende, twende,*
*nyika ina mambo, twende.*
*Mwenye miguu na aje nayo,*
*mwenye machozi na aje nayo,*
*twende, twende.*

Mbeyu alisikia. Akaweka jicho mwanyani.

"Nani huyo?"

"Mimi, Mbodze."

"Umekuja kunipa pole?"

"Pole nilikupa siku ile ya msiba. Leo nimekuja kukusubiri."

"Kunisubiri kwa nini?"

"Tukatembee."

"Sitoki."

"Haya," akasema Bi Mbodze.

Haya, basi! Ingekuwa mimi ningetoa hotuba, na wewe unayenicheka hapo ungeniongezea. Yeye alisema haya, akajilaza chali akaota jua tumboni, akasubiri. Jua lilipopanda akaondoka na watu wake. Kesho yake akaja tena.

"Sitoki," Mbeyu akasema kabla hajaulizwa.

"Haya."

Kesho kutwa akaja. Na mtondo akaja. Hakusema neno la kuliwaza hata moja. Alikuja, akapekua, akaimba, akasubiri, akaenda.

Na jua nalo lilikuwa linafanya kazi yake. Pa! Ufa. Mwero akauona. Alikaa tawini akijizuia, mdomo unamwasha kwa hamu ya kuziba. Akaenda hadi dimbwini, akarudi bila kitu. Akaenda tena, akarudi bila kitu. Usiku hakulala. Lakini hakuziba.

Ufa ule ulileta uzi wa mwanga. Mwanga ukaanguka juu ya mayai. Mbeyu, aliyekuwa akiyajua kwa kifua tu, akayaona kwa macho. Sisimizi mmoja akaingia kwa ule ufa. Akatembea juu ya yai la kwanza, la pili, la tatu, akatoka. Akaingia tena, akatoka tena. Kwake yeye ulikuwa mlango tu. Mbeyu alimtazama asubuhi nzima. Kisha upepo ukapita katika ufa, ukaja na harufu ya nyasi zilizolowa umande, na harufu ya vumbi, na harufu ya maua ya mgunga. Kumbe mgunga umechanua! Alikuwa ndani ya mgunga na hakujua kuwa umechanua.

Asubuhi moja Bi Mbodze hakuja. Jua likatoka, hakuja. Jua likapanda, hakuja. Mbeyu alichungulia mwanyani. Akachungulia ufani. Akajikuta amekasirika, yeye asiyetaka kutoka. Mwisho akasikia: chaku-chaku-chaku.

"Umechelewa!" Mbeyu akapaza sauti.

"Nisamehe, mwenzangu," akasema Bi Mbodze kutoka chini. "Tulipitiwa na usingizi. Siku hizi hatuna wa kutuamsha."

Basi hilo tu. Hakulisema kwa hila wala kwa lawama. Lakini Mbeyu alisimama katika lile tundu. Alisimama, akajiegemeza, akayatazama mayai yake kwa mwanga wa ule ufa. Akayafunika kwa manyoya ya zamani yaliyomdondoka, moja, moja, mpaka hayakuonekana. Kisha akageukia ukuta.

Ko!

Mwero huko tawini akaruka.

Ko! Ko!

Udongo ukadondoka. Ko! Ko! Ko! Ukuta ulikuwa mnene, jamani, si mnajua nani aliuneneza? Mbeyu akagonga mpaka mdomo ukamuuma. Mwero alilia tawini, akataka kusaidia, akakumbuka mwiko, akajishika. Ko! Ko! Ko! Mwishowe, puuu! Kipande kizima kikaanguka, na kichwa cha Mbeyu kikatokea nje, kimejaa vumbi, macho kayafumba kwa mwanga.

Akapanua mabawa. Akajirusha.

Pwaa! Chini.

Nguchiro mtoto mmoja akacheka. Bi Mbodze akampiga jicho. Mbeyu akajiinua, akajikung'uta, akaona aibu.

"Siwezi kuruka," akasema.

"Sikukualika kuruka," akasema Bi Mbodze. "Nilisema tutembee."

Mwero aliposhuka kutaka kumshika mkewe, Bi Mbodze akamwambia, "Shemeji, wewe nenda katafute panzi wa jioni. Tuachie." Mwero akaenda, kila hatua anageuka nyuma.

Wakatembea. Mbeyu huyo, pembeni yake Bi Mbodze, mbele yao ukoo unaopekua. Hawakutazamana. Kila mmoja macho yake ardhini, kama unavyotafuta sindano. Ardhi ilikuwa ya moto chini ya nyayo, na Mbeyu akaipenda. Panzi akaruka, Mbeyu akamkosa. Mwingine akaruka, akamkosa. Wa tatu, ko! Akamdaka. Tangu kiangazi kianze hakuwa amejitafutia chakula chake, na panzi yule alikuwa mtamu.

Wakatembea, wakatembea. Walipofika penye nyasi za manjano, Mbeyu akasema, akiwa bado anaangalia chini:

"Nilikuwa nimeshawapa majina."

Bi Mbodze akapekua jani. "Majina gani?"

"Mmoja Masika. Mmoja Umande. Yule mdogo, Kadzo. Jina la mama yangu."

"Masika," Bi Mbodze akasema polepole. "Umande. Kadzo."

Hapo ndipo Mbeyu alipolia. Tangu siku ile ya chubwi hakuwa amelia. Alilia akitembea, machozi yakidondoka vumbini, na vumbi likiyanywa. Bi Mbodze hakumwambia nyamaza. Alitembea pembeni yake, hatua kwa hatua, na wale nguchiro wa mbele wakapunguza mwendo.

"Kwa nini ulinisubiri?" Mbeyu akauliza baadaye, sauti imekwaruza.

"Umesahau? Mwaka ule Kipanga aliponichukulia mwanangu, nilijifungia kichuguuni. Sikutaka kuona mbingu. Wewe ulikuja kila asubuhi ukakaa mlangoni. Tok-tok-tok. Ukanyamaza. Hukuniambia lolote."

"Sikujua la kukuambia."

"Nami nashukuru hukujua," akasema Bi Mbodze.

Mbeyu akataka kujibu. Lakini alipoinua kichwa, kwa mazoea tu, akaangalia mbingu. Na mbinguni palikuwa na nukta. Nukta ikakua. Nukta ikawa na mabawa.

"KIPANGA!"

Ukelele ulimtoka kabla hajaufikiria. Nguchiro, purrr! Wakatawanyika, kila mmoja shimoni kwake. Mbeyu akapiga mabawa, hayakumwinua. Akapiga tena, vumbi tu. Kivuli kikamfunika. Mara akahisi meno yameshika mkia wake. Alikuwa Bi Mbodze, anamvuta. Vuta, vuta! Wakaporomoka wote wawili ndani ya kichuguu cha zamani, na kucha za Kipanga zikakwangua mlangoni, khwaa!

Kimya. Giza.

Mbeyu akatulia mle ndani. Harufu ya udongo ilikuwa ile ile. Ubaridi ulikuwa ule ule. Giza lilimjua, likamkumbatia. Moyo wake ukamwambia, "Baki hapa. Umeona? Nje kuna makucha." Bi Mbodze akasikia jinsi mwenzake alivyotulia, naye akaogopa. Akajiambia, nimempoteza. Nimemtoa katika shimo moja nikamtia katika jingine, na humu hatatoka tena. Lakini hakusema kitu. Alisubiri.

Kipanga akazunguka juu. Akazunguka. Nyasi zikalia kwa upepo. Mbali huko, panzi mmoja akaanza wimbo wake, kri, kri, kri.

"Bi Mbodze," Mbeyu akaita gizani.

"Naam, mwenzangu."

"Tutatoka lini?"

Kicheko kilimjia Bi Mbodze pamoja na machozi, vyote kwa mlango mmoja, vikasukumana. "Sasa hivi," akasema. "Akiondoka tu, sasa hivi."

Na Kipanga alipoondoka, aliyetoka wa kwanza alikuwa Mbeyu. Alitoka mbio. Miguu ikakimbia, mabawa yakapiga, puru-puru, vumbi nyuma, upepo mbele, puru-puru-puru, na upepo ukaingia chini ya mabawa ukamshika. Akainuka! Akazama, akaibuka, akazama, akaibuka. Nguchiro wakatoa vichwa mashimoni wakapiga kelele kama siku ya harusi. Yule mtoto aliyemcheka ndiye aliyeshangilia kuliko wote.

Mbeyu akazunguka juu ya nyika yote, akashuka tawini karibu na rafiki yake.

"Nakushukuru, Bi Mbodze. Nakushukuru mpaka sijui niseme nini."

"Mimi nilikaa tu," akasema Bi Mbodze. "Lishukuru jua, ndilo lililopasua. Ushukuru upepo. Mshukuru sisimizi wako. Na huko ulikopita ukilia, shukuru ardhi, imekubebea."

Mbeyu akashukuru. Alimshukuru Mungu kwa jua, akashukuru kwa upepo, akashukuru kwa vumbi jekundu na kwa nyasi za manjano. Je, aliwasahau wanawe? Hakuwasahau. Nani husahau? Lakini sasa alikuwa na mahali pa kuwalilia, mahali penye nafasi.

Jioni Mwero akarudi mgungani na panzi mdomoni. Akamwita mkewe. Kimya. Akachungulia tunduni: tupu! Akaruka huku na huko, "Mbeyu! Mbeyu we!", amekonda, amechoka, hajui aangalie wapi. Alitafuta vichakani. Alitafuta vichuguuni. Alitafuta kila mahali palipokuwa chini.

"Mwero! Niko huku!"

Sauti ilitoka angani. Mwero akainua uso, na nusura aanguke. Mkewe alikuwa anakuja, anazama, anaibuka, jua la jioni mgongoni. Akatua kando yake. Kwa mazoea tu, Mwero alinyoosha shingo akamsogezea panzi mdomoni, kama alivyofanya kila siku kwenye ule mwanya.

Mbeyu alimtazama mume wake, mbavu zake, macho yake yaliyoingia ndani. Akaurudisha ule mdomo polepole.

"Kula wewe, mume wangu," akasema. "Umekonda. Mimi nimeshakula."

Mwero akala.

Basi, wakubwa kwa wadogo, funzo ni hili, na nalisema waziwazi ili asiwepo wa kusingizia usingizi. Aliyeumia moyo usimzibie ukuta kwa sababu unampenda, wala usiuvunje kwa nguvu. Msubiri mlangoni. Akitoka, tembea naye nje, chini ya jua, bega kwa bega, mwachie aseme au asiseme. Maana maneno yetu ni machache, lakini ardhi ya Mungu ni pana, na ina dawa.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye mwenzake aliyejifungia ndani, kesho asubuhi ajue pa kwenda.